Maswali ya Lugha: "Sexting" imetoka wapi, na tuiiteje?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha wazazi kuhusu usalama mtandaoni, na neno "sexting" limenikwamisha. Asili yake ni nini? Nikiandika "jumbe za mapenzi" itatosha?

JIBU: Haitatosha. "Nimekukumbuka mpenzi" ni ujumbe wa mapenzi, lakini si sexting. Neno hili linahusu ngono waziwazi, iwe kwa maneno, picha au video. Wengi hudhani ni picha za utupu tu, kumbe maandishi matupu (samahani kwa neno hilo) nayo yamo.

Limeundwa kwa uhulutishaji, yaani kuunganisha vipande vya maneno kuwa neno moja, ufundi uleule uliotupatia "chajio" kutoka chakula cha jioni. "Sex" imepandikizwa juu ya "texting", yaani kutuma ujumbe mfupi wa simu, na iliyobadilika ni herufi moja tu: t imempisha s. Ujumbe mfupi wa simu (SMS) wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Neno "sexting" lilikuja baadaye. Linalotajwa sana kuwa la kwanza kulitumia ni gazeti moja la Australia la mwaka 2005. Mwaka 2011 neno hilo likaingia katika kamusi ya Kiingereza ya Concise Oxford, chapa ya 12.

Kulitohoa, yaani kulipa umbo la Kiswahili, kuna kikwazo. "Boksi" na "teksi" zilikubali kwa sababu ks inafuatwa na irabu. Hapa inafuatwa na t, konsonanti tatu kwa mkupuo. "Seksti" inatamkika, ila mzazi atakayekutana nayo kwenye kijitabu chako hataambulia kitu. Andika "kutumiana jumbe za ngono". "Jumbe chafu" iache. Inahukumu kabla ya kueleza, na mtoto aliyekwisha kutuma atazidi kuficha.

Chunga sana hiyo -ana. "Kutumiana" kunamaanisha pande mbili zinashiriki. Mtu akipokea picha asiyoiomba, andika "ametumiwa bila ridhaa". Aliyeaminiwa akiivujisha, andika "kusambaza picha za faragha bila ridhaa". Ukiandika "walitumiana" kwa jambo la upande mmoja, umemfanya aliyedhulumiwa kuwa mshiriki.

SWALI: Na kama aliyepigwa picha ni mtoto?

JIBU: Liweke kando neno hili. Katika nchi nyingi picha ya ngono ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa kuwa nayo au kuituma, na mara nyingi sheria haijali kama amejipiga mwenyewe. Andika "picha ya ngono ya mtoto", hata kama sentensi itarefuka.