Muziki haupigwi au hausikiki? Swali la fundi wa simu

Msomaji mmoja ni fundi wa simu za ofisini, hizi za IP zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, kaniletea swali refu kidogo nalifupisha. Anaandika mwongozo wa Kiswahili wa kuseti ule muziki anaousikia mpigaji akiwekwa holdi, na kashindwa kuchagua kati ya "muziki wa kushikilia", "muziki wa kusubiri" na "muziki wa subira". Halafu akaongeza kwamba watu wa mapokezi wakiripoti hitilafu wanaandika tu "muziki haufanyi kazi" na yeye hajui aanzie wapi, je kuna namna ya kuwafanya waandike vizuri zaidi?

Swali la pili ndo tamu ila tuanze na la kwanza.

"Kushikilia" kitoe kabisa. Kwa Kiswahili anayeshikiliwa yuko polisi, au mtu anashikilia msimamo wake, sasa ukiandika "mpigaji alishikiliwa dakika mbili" mtu ataanza kuuliza kosa lake lilikuwa nini. Na subira ni tabia ya mtu, mpigaji anaweza akasubirishwa nusu saa nzima na asiwe na chembe ya subira, tena mara nyingi ndivyo ilivyo.

"Muziki wa kusubiri" unaeleweka na wala sitamkosoa mtu anayeusema, lakini kuna kitu kizuri zaidi karibu yake. Nguo zilizorundikana ni nguo za kufua, sabuni ni ya kufulia. Ile sauti ya -ia ndo inayotuambia hiki ni chombo cha kufanyia kazi, siyo kitu kinachofanyiwa kazi yenyewe, ndo maana tuna kalamu ya kuandikia na chumba cha kusubiria. Kwa hiyo muziki wa kusubiri ukiutega sikio unaweza kuwa muziki ambao haujafika na tunausubiri, ila muziki wa kusubiria ni ule unaokaa nao wakati unasubiri. Na ni chombo kweli, maana Alfred Levy, Mmarekani aliyepata hataza ya kitu hiki mwaka 1966, shida aliyoiona ni kwamba mtu akiachwa kwenye kimya anachoka anakata simu. Mimi naandika muziki wa kusubiria. Wa kungojea pia sawa tu.

Kitufe kiite "Subirisha", na cha kumrudia mtu kiite "Endelea". Anayebonyeza anasubirisha, mpigaji anasubirishwa, kila mmoja kakaa mahali pake. Kwenye maongezi sema "nimemweka holdi" hakuna atakayekufunga, ila kwenye mwongozo chagua neno moja ukae nalo mpaka ukurasa wa mwisho, maana ukichanganya kusubirisha na kusitisha kuna mtu atadhani kusitisha ni kukata simu.

Sasa kitenzi cha muziki wenyewe. Mwongozo ulioniletea una sentensi "seva inacheza muziki", na mimi nikaiona seva inakata viuno. Kucheza muziki kwetu ni kudansi, anayetoa muziki anaupiga, kwa hiyo seva inapiga muziki na muziki unapigwa. Najua kwenye simu na kompyuta kitufe cha "cheza" kimeshazoeleka na sitapigana nacho, lakini kwenye sentensi kamili kinachekesha. "Muziki unalia" nao ni Kiswahili safi, tatizo ni kwamba kwenye habari za simu kulia kumeshachukuliwa, simu inalia maana yake bado haijapokelewa, wakati muziki wa kusubiria unaanza baada ya kupokelewa. Ule wimbo unaousikia kabla mtu hajapokea ni kitu kingine na unasetiwa kwingine, ukiandika "unalia" fundi mwenzako atakwenda kuutafuta huko.

Twende kwenye ripoti za hitilafu. Haupigwi na hausikiki watu wanayachukulia kama kitu kimoja, na hapo ndo kazi inapopotea. Haupigwi ni kauli ya kutendwa, nyuma yake yupo mtendaji, yani seva, na maana yake seva haitoi chochote. Hausikiki haimtaji mtendaji yeyote, inasema tu kwamba sikioni hakuna kitu, huenda seva inapiga vizuri kabisa ila muziki unaishia njiani. Kwa hiyo haupigwi inakupeleka kwenye seva: folda ya muziki iko tupu, faili liko kwenye muundo ambao mfumo hausomi, seva haina ruhusa ya kulifungua, au umebadilisha mipangilio hukuipakia upya, kwenye Asterisk kwa mfano, ile programu ya kuendesha simu za ofisini, unaweza kuhariri faili la mipangilio ya muziki, musiconhold.conf, vizuri sana na kama hujapakia upya ni kama hujagusa kitu. Hausikiki inakupeleka njiani: faiawali, yani ule ulinzi wa mtandao, imezuia pakiti za sauti (vile vipande vya data vinavyobeba sauti), anwani zinabadilishwa kwenye ruta na pakiti zinapotea, au muziki unarushwa kwa multikasti, yani mara moja kwa simu nyingi, na ruta ya katikati haipitishi. Kipimo rahisi ni kupiga simu ya ndani kwa ndani kisha umsubirishe mwenzako, akisikia, halafu wa nje hasikii, basi seva inapiga, we angalia njia ya kutokea nje.

Ila usiwalaumu sana mapokezi. Anayebonyeza Subirisha yeye mwenyewe hausikii ule muziki, anausikia aliyeko upande wa pili, kwa hiyo kila ripoti ni habari ya kuambiwa. Mpokezi hawezi kujua kama haupigwi, hilo ni la kwako kulipima. Mwombe aandike "mpigaji amesema hausikiki", na kama mpigaji alikuwa wa ndani au wa nje, inatosha.

Halafu kuna kukatika, na hapa ngeli inafanya kazi ya fundi. Muziki ni u, simu ni i. "Umekatika wakati anasubiri" ni muziki ulionyamaza na mtu bado yuko kwenye laini, pengine faili limefika mwisho na halikupangwa kujirudia. "Imekatika wakati anasubiri" ni simu iliyokufa, na hilo ni tatizo jingine, kuna mifumo inayohesabu muda na ikiona pakiti za sauti haziji inadhani mtu kaondoka inakata, kwenye Asterisk kuna hadi mpangilio wa rtp_timeout_hold wa simu zilizosubirishwa. Mtu akizoea kusema "muziki imekatika" tofauti yote hiyo inapotea kwa herufi moja, ndo maana kwenye hili siwezi kusema ngeli ni mambo ya darasani.

Na ukikatika mara nyingi ni unakatikakatika, Kiswahili kimeshakupa kurudufisha, kitumie. Hapo shaka inakwenda kwenye pakiti zinazopotea au kuchelewa, au kwenye ule mpangilio unaoacha kutuma sauti ukidhani pako kimya, ambao ukikutana na sehemu laini ya muziki unaimeza.

Wengine wanasema muziki "mbaya", neno lisilosaidia kitu. Kama ni mkali mno unapasuka, punguza sauti ya faili. Kama unayumba, mara uko chini ya maji mara umerudi, uliza kodeki, yani njia inayotumika kubana sauti ipite kwenye mtandao. G.729 inabana sauti mpaka kilobiti 8 kwa sekunde na ilitengenezwa kwa maneno ya mtu, vinanda na ngoma inavichakaza, wakati G.711 inatumia kilobiti 64 na inavumilia zaidi, japo nayo inachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde kwa hiyo mlio mwembamba wa matoazi usiutegemee. Weka faili la mono la hertzi 8,000 tangu mwanzo, na uchague muziki wenye ala chache. Kwenye ripoti, badala ya "mbaya", waandike "unayumba" au "unakwaruza", yote mawili fundi anayaelewa bila maelezo.

Umeuliza pia kama muziki wa foleni ni sehemu ya huu. Kwa msikilizaji ni uleule, kwa fundi sio, maana kwenye mifumo mingi foleni ina mpangilio wake na unaweza kubadilisha mmoja mwingine ukabaki wa zamani. Uite "muziki wa foleni" na uupe ukurasa wake, na kwenye tangazo linalorekodiwa juu yake andika "tafadhali usikate simu, utahudumiwa", acha "tafadhali shikilia", mpigaji ataangalia mikono yake ashikilie nini.