Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kununua RAM Nyingine

SWALI: Nimejiundia kompyuta yenye RAM mbili za DDR4, GB 8 kila moja, kasi 3200. Sasa inaganda, skrini inageuka bluu na kuandika MEMORY_MANAGEMENT, na faili za zip nilizopakua zinadai zimeharibika. Fundi anasema ninunue RAM zote mpya. Nimsikilize?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Subiri kwanza. Dalili zako zinaelekea kwenye RAM kweli, hasa hiyo ya zip, lakini RAM husingiziwa sana.

Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uzime XMP, mpangilio wa kuiongezea RAM kasi (kwenye baadhi ya bodi za ASUS za AMD inaitwa DOCP). RAM nyingi za 3200 hufika kasi hiyo kwa kusukumwa volti 1.35, ukizima XMP zinarudi 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2. Kompyuta ikitulia hapo, huenda tatizo ni prosesa kushindwa kuihimili kasi hiyo. Jaribu 2933 na uone.

Isipotulia, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi (kila kilichomo kitafutika), kisha iwashe kompyuta kutokea hapo. Toleo la bure hurudia jaribio mara nne. Kwa GB 16 ni kazi ya saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku. Kosa hata moja tu ni kosa. Kile kipimo cha Windows, mdsched, ni cha haraka lakini huachia mengi yapite.

Makosa yakionekana, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, na gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote. Toa RAM zote mbili. Rudisha moja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, ambayo kwa kawaida huandikwa A2 (hakikisha kwenye kitabu cha bodi). Sukuma ncha zote mbili hadi klipu ifunge yenyewe; bodi nyingine zina klipu upande mmoja tu, na hapo ndipo RAM huonekana imeingia kumbe imening'inia. Pima. Itoe, weka ya pili katika sloti ileile, pima tena. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, utapoteza ushahidi.

RAM moja ikikosea na nyingine ikapita, umeshampata mhusika. Zikipita zote A2, zipime vilevile, moja moja, kwenye B2, ile sloti nyingine ya jozi; zikikosea zote hapo, acha RAM, angalia bodi: sloti yenyewe, au pini iliyopinda chini ya prosesa. Feni ya prosesa iliyokazwa upande mmoja zaidi pia huweza kuleta hilo, kwa hiyo ilegeze na kuikaza upya kwa mshazari, skrubu moja nusu mzunguko, kisha ile ya kinyume chake. Meno ya dhahabu yakiwa machafu, yafute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Mpaka ujue, usihamishe picha wala kutengeneza nakala za akiba kwenye kompyuta hiyo. RAM mbovu huandika data iliyopotoka kwenye diski bila kukuambia. Ukishamaliza, endesha sfc /scannow kukagua faili za Windows. Na ukidai dhamana, peleka RAM zote mbili, maana ziliuzwa kama jozi, pamoja na picha ya skrini ya makosa.

SWALI: Naweza kuchanganya GB 8 na GB 4?

JIBU: Unaweza, alimradi zote ni DDR4, DDR3 haiingii, mkato wake uko mahali pengine. Zote zitakwenda kwa kasi ya ile ya polepole. GB 8 za mwanzo zitafanya kazi kwa njia mbili (dual channel, RAM zote mbili zikisomwa kwa pamoja), GB 4 zilizobaki kwa njia moja.