Mgeni wangu nitampeleka Ngosi

Mmeuliza wiki hii: ni matembezi gani ya nusu siku ambayo msomaji angempeleka mgeni wake bila kusita? Mimi nitampeleka Ziwa Ngosi, mkoani Mbeya, na nitamwambia abebe maji, koti na subira.

Kufika si kazi. Ukitoka Mbeya unapanda gari la Tukuyu linalopitia Uyole, unashuka Isongole, kisha bodaboda inakupitisha kwenye mashamba ya viazi hadi karibu na msitu. Hapo tafuta kijana wa kijijini akuongoze. Njia anaijua, na hela yako inabaki palepale kijijini.

Mwanzoni unatembea kivulini bila shida, migomba mwitu huku na huku, na ukibahatika mbega juu ya miti. Kisha mlima unasimama. Kipande hicho ni kifupi lakini kikali: udongo unateleza, unashika mizizi na mianzi ili ujivute. Nimeona watu wazima wakikaa chini na kusema basi, wanarudi. Jamani, pumzikeni, mwendelee! Hata asiyezoea milima hufika, mradi asishindane na mtu.

Njia nzima hulioni ziwa. Unafika ukingoni, ardhi inakatika, na lile pale chini yako, mita 200 hivi, la kijani, limetulia kama maji kwenye kitako cha kinu. Kuta za msitu zimelizunguka pande zote. Palikuwa na volkano hapa. Ililipuka, kilele kikabomokea ndani, shimo likajaa maji. Hakuna mto unaouona ukiingia wala ukitoka.

Subira niliyoitaja ni ya ukungu. Milima hii ya Uporoto ina mvua nyingi, na unaweza kufika juu ukakuta weupe mtupu. Wengi hugeuza palepale, na hilo linanisikitisha, kwa sababu upepo mmoja tu hulifunua ziwa lote. Kaa, kula ulichobeba, ngoja. Ukienda asubuhi, kati ya Juni na Oktoba, nafasi yako ni nzuri zaidi.

Kushuka hadi majini simshauri mtu. Ukuta umesimama mno na unateleza. Na chupa za plastiki nilizozikuta pale ukingoni zimeniuma sana. Tafadhali, uliyopanda nayo ishuke nawe hadi Isongole.