Maswali yenu kuhusu Candide: ulimi wa Pangloss, sukari ya Suriname na shamba la mwisho

Maswali ya safari hii yote yanahusu kisa kimoja: *Candide, au Optimisimu* cha mwandishi Mfaransa Voltaire, kilichotoka mapema mwaka 1759. Kwa ambaye hajakisoma: kijana Candide anafukuzwa katika kasri la Westphalia, Ujerumani, kwa kumbusu Cunégonde, binti wa bwana mkubwa. Anazunguka dunia akikumbana na vita, tetemeko, utumwa na maradhi, huku masikioni mwake likivuma fundisho la mwalimu wake Pangloss kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko zote zinazowezekana.

Optimisimu si ni kuwa na matumaini mema? Sasa Voltaire anakejeli matumaini? Kuna ubaya gani mtu kutumaini?

Hakuna ubaya, wala yeye hasemi upo. Leo neno hili linataja hali ya moyo, lakini lilipozaliwa lilikuwa jina la hoja. Lilianza kuonekana mwaka 1737 katika jarida la Wajesuti (shirika la mapadri Wakatoliki) wa Trévoux, Ufaransa, waliokuwa wakikijadili kitabu cha mwanafalsafa Mjerumani Leibniz kiitwacho *Teodisia* cha mwaka 1710. Shina lake ni neno la Kilatini *optimum*, yaani kilicho bora kabisa.

Hoja yenyewe inakwenda hivi. Mungu anazijua dunia zote ambazo zingeweza kuwapo. Kwa wema wake anataka iliyo bora, na kwa uweza wake anaweza kuiumba. Basi hii aliyoiumba ndiyo bora. Leibniz hasemi kwamba kila kitu ni kizuri. Anasema jumla ndiyo bora, mabaya yakiwemo, kwa kuwa ukichomoa kipande kimoja umeivuruga dunia nzima na kupata nyingine iliyo duni.

Mtu wa hoja hiyo hana haja ya kutumaini chochote. Mwenye matumaini husema kesho itakuwa afadhali. Huyu husema hata leo isingeweza kuwa afadhali kuliko ilivyo. Voltaire mwenyewe aliitofautisha misimamo hii miwili katika shairi lake la mwaka 1756 kuhusu tetemeko lililoangamiza Lisbon, mji mkuu wa Ureno: siku moja yote yatakuwa mema, hilo ndilo tumaini letu, yote ni mema leo, hiyo ndiyo njozi. Ukiibeba mistari hiyo kichwani, nusu ya kazi umeimaliza.

Niliandika katika insha kwamba Pangloss ni Leibniz. Mwalimu amenikata alama. Kosa liko wapi?

Liko kwenye hilo "ni". Leibniz alifariki mwaka 1716, na alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake. Pangloss ni kikaragosi kilichoshonwa kwa viraka: istilahi za Leibniz, ukavu wa Christian Wolff aliyeigeuza falsafa hiyo kuwa mfumo wa darasani, na ule msemo wa mshairi Mwingereza Alexander Pope kwamba chochote kilichopo ni sawa. Jina lake ni la Kigiriki, *pan* na *glossa*: mtu ambaye mwili wake wote ni ulimi.

Mchezo wake ni kugeuza sababu na tokeo. Pua ziliumbwa zibebe miwani, ndiyo maana tuna miwani. Miguu iliumbwa ivae suruali, ndiyo maana tuna suruali. Leibniz hakuandika upuuzi wa namna hiyo, na ukitaka haki kamili, kisa hiki hakimtendei haki. Lakini Voltaire hakukusudia kuivunja hoja ya kitabuni. Alimlenga anayeitoa hoja hiyo mbele ya mtu anayevuja damu. Andika hivyo uone kama utakatwa tena.

Kwa nini Lisbon? Matetemeko yalikuwapo tangu zamani.

Kwa sababu ya siku, saa na mfuatano wa mambo. Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, waumini wamejaa makanisani. Ardhi ikatikisika, bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Ukisema ni adhabu, ueleze kwa nini waliokuwa ibadani ndio walioangukiwa.

Mwanafalsafa Rousseau alilijibu shairi la Voltaire kwa barua ya Agosti 1756, na jibu lake lina uzito hadi leo: si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita hadi saba. Binafsi naona hapo Rousseau alishinda raundi.

Katika sura ya 5, Jacques, mtu mwema kuliko wote kisani, anazama karibu na Lisbon, na Pangloss anathibitisha kwamba ghuba ile iliumbwa mahsusi ili Jacques azame humo. Sura ya 6 wenye hekima wanaamua kwamba kuchoma watu wachache kwa moto wa taratibu, kwa sherehe, ni dawa ya kuzuia matetemeko. Siku hiyo hiyo ardhi inatikisika tena.

Tumeambiwa tuchambue tashtiti ya sura ya 3, ile ya vita. Mimi naona masimulizi tu. Nianzie wapi?

Kwanza tenganisha maneno, maana wengi huita kila kitu kejeli. Tashtiti ni kazi nzima inayolenga kufichua uovu kwa kuucheka. Kinaya ni chombo chake kimojawapo: maneno yanakwenda huku, maana inakwenda kule. Kejeli ni dharau ya wazi, na katika sura hii ni haba sana. Ndiyo maana unaona masimulizi tu.

Anza na vivumishi. Majeshi yanasifiwa kuwa mazuri, nadhifu, yenye kumeta, yaliyopangika. Tarumbeta, zumari, ngoma na mizinga vinatoa mwafaka wa sauti ambao hata jehanamu haujapata kusikika. Neno "jehanamu" limefichwa mwishoni mwa sentensi ya sifa. Kisha angalia vitenzi. Mizinga "inaangusha" watu kama elfu sita kila upande. Bunduki "zinawaondoa" katika dunia iliyo bora mabaradhuli elfu tisa hadi kumi. Hakuna anayeuawa: wanaondolewa, kama vumbi mezani. Hiyo ni tafsida, yaani kutaja jambo kali kwa maneno laini, na mbele ya maiti tafsida huuma kuliko tusi.

Halafu tazama hesabu. "Kama", "tisa hadi kumi", "jumla huenda ikafika elfu thelathini": watu elfu moja wanapotea katika makadirio tu na msimulizi hashtuki. Mwisho tafuta istilahi ya falsafa iliyowekwa mahali pasipo pake. Singe, kile kisu cha bunduki, anasema, ilikuwa "sababu ya kutosha" ya vifo vya maelfu kadhaa. Sababu ya kutosha ni kanuni kuu ya Leibniz, kwamba hakuna kitokeacho bila sababu. Hapa imechomekwa kwenye ncha ya bunduki.

Wanafunzi huharibu kwa kuandika "mwandishi anaonyesha ubaya wa vita" na kuishia hapo. Hilo lingesemwa na yeyote. Onyesha neno gani linafanya kazi gani. Kosa la pili ni kumwamini msimulizi, ambaye sauti yake ni ya mtu mpole asiyeelewa anachokiona. Wafalme wote wawili wanamshukuru Mungu kwa wimbo, kila mmoja kambini kwake, na msimulizi anapita tu. Ulipaswa kusimama wewe.

Je, kisa hiki kina lolote la kutuhusu sisi wa pwani?

Soma sura ya 19. Nje ya mji wa Suriname, koloni la Waholanzi Amerika Kusini, Candide anamkuta mtumwa amelala chini, hana mguu wa kushoto wala mkono wa kulia. Mkono ulikatwa baada ya kidole kunaswa na kinu cha miwa, mguu alipojaribu kutoroka. Anasema: hii ndiyo bei ya sukari mnayokula Ulaya. Candide analia, na hapo ndipo anapoikana optimisimu na kuiita wazimu wa kushikilia kwamba yote ni mema wakati mambo ni mabaya.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1776, Voltaire akiwa bado hai, Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kila kichwa. Wengi walipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Ukiifundisha sura ya 19 Kilwa au Lindi, huna haja ya kuitafuta Suriname kwenye ramani.

Nina nakala yenye "sehemu ya pili". Ni yake?

Si yake. Ilitolewa mwaka 1760 na mtu mwingine. Cha Voltaire kina sura 30 fupi. Nakala nyingine hutofautiana katika sura ya 22, ya Paris, kwa kuwa aliirefusha mwaka 1761. Ukinukuu sura hiyo, taja toleo. Na usishangae ukiona jina la "Daktari Ralph": Voltaire alikificha kisa nyuma ya mwandishi wa kubuni, na Geneva ilikichoma mwaka huo huo wa 1759.

"Tutunze bustani yetu." Maana yake kila mtu ashughulike na yake?

Sehemu ya tatizo ni tafsiri ya sentensi hiyo, ambayo ndiyo ya mwisho kisani. Kwetu "bustani" huleta maua na kiti cha kupumzikia. Wahusika hawa wana kijishamba karibu na Constantinople (Istanbul ya leo), na kitenzi cha Kifaransa ni kulima. Ningefasiri: "Inatupasa kulima shamba letu." Cunégonde anaoka vitobosha, bibi kizee mtumishi wake anashughulika na nguo, mtawa Giroflée anakuwa seremala. Tena ni "letu", si "langu". Mzee Mturuki aliyewapa wazo hilo ana ekari ishirini hivi, analima na wanawe, na anasema kazi huwaepusha na mabaya matatu: uchovu wa kukaa bure, maovu na uhitaji.

Halafu angalia nani anazungumza kabla ya sentensi hiyo. Ni Pangloss, anayedai kwamba bila mateso yote yale Candide asingekuwa hapa akila malimau ya sukari na pistashio. Candide hambishii. Anamwambia amesema vyema, kisha anataja shamba.