Kuchanganya Maji ya Bahari Ukiwa Mwanza: Pa Kuanzia Vipimo Vinapokataa

Anayefuga matumbawe Mwanza anaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lakini hana hata tone moja la maji ya bahari. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na kila lita inayoingia kwenye tangi lake ameichanganya mwenyewe ndani ya pipa. Kosa la pipani halikawii kufika kwa matumbawe, na ndiyo maana anayeanza, akiona ualkali (akiba ya kaboneti na bikaboneti inayoyakinga maji yasigeuke asidi) umeshuka, hukimbilia kununua chupa ya dawa ya kuupandisha. Ushauri wangu ni kwamba chupa hiyo ibaki dukani mpaka ijulikane kama kilichokosea ni kipimo, maji, chumvi yenyewe au namna ya kuchanganya, na vishukiwe kwa mpangilio huohuo.

Kipimo hutangulia kwa sababu ndicho kinachosingizia vingine vyote. Maji ya kawaida ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na uzito wake ukilinganishwa na wa maji matupu ni kama 1.026 kwenye nyuzi joto 25. Refraktomita, yaani vyombo vinavyopima chumvi kwa namna maji yanavyopinda mwanga, nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya mezani, ambayo hupinda mwanga tofauti kidogo na maji ya bahari, na kwa hiyo husoma 36.5 hivi mahali ambapo ukweli ni 35. Mwenye chombo cha aina hiyo akichanganya mpaka asome 35, amepata maji ya 33.5 na kitu, na vipimo vyake vyote vinavyofuata vitaonekana vimepungua bila sababu. Wengi huirekebisha kwa maji yaliyosafishwa mpaka isome sifuri na kuridhika, ilhali chombo kinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye sifuri kikawa kimepotoka kinapofika 35. Njia iliyo salama ni kupima gramu 36.5 za chumvi kavu ya jikoni kwa mizani ndogo, kuziyeyusha katika gramu 963.5 za maji yaliyosafishwa, kisha kukaza au kulegeza skrubu mpaka chombo kisome 35. Wanaotumia haidromita, yaani kipima chumvi chenye mkono unaoelea majini, wakumbuke kuugongagonga mkono huo kabla ya kusoma, kwani kiputo kimoja cha hewa kilichoung'ang'ania huunyanyua na kuonyesha chumvi nyingi kuliko iliyopo.

Kwa upande wa maji, wanaotoka kwenye kufuga furu ndio hudanganyika zaidi, kwa kuwa samaki wale ni wa ziwa hilihili na wamewazoesha kuamini bomba. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) mara nyingi husoma chini ya miligramu 100 kwa lita, namba ambayo mtu wa mji wenye maji magumu angeifurahia. Lakini kipima TDS hujumlisha tu vilivyoyeyuka, hakisemi ni vitu gani. Ziwa linalogeuka kijani kwa mwani kila mwaka lina fosfati, na lina silika pia. Viwango vidogo vya vitu hivyo havibadilishi namba kwa namna utakayoiona, ila vinatosha kufunika mawe ya tangi lako kwa utando wa kahawia na mwani. Ongeza klorini inayotiwa kuua vijidudu. Kwa hiyo maji yapite kwenye chujio la kaboni, kisha utando wa RO (chujio laini sana linalosukumiwa maji kwa shinikizo), kisha resini (punje zinazonasa mabaki yaliyoyeyuka), mpaka TDS isome sifuri, na resini ibadilishwe mara namba inapoanza kupanda. Maji ya kunywa yanayouzwa kwa ndoo hupitia mashine za RO pia, ila huna hakika na hali ya utando wao; nenda na kipima TDS chako.

Kuhusu chumvi, huwa naulizwa kwa nini tusitumie ile ya kuanikwa juani kule Bagamoyo, ambayo ni ya bahari kweli na bei yake ni nafuu. Maji ya bahari yanapokauka, sehemu kubwa ya kalsiamu hutangulia kuganda, chumvi ya mezani hufuata, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Kinachouzwa ni kipande tu cha bahari. Chumvi ya akwaria imerudishiwa vyote hivyo, ila inafika Mwanza baada ya safari ndefu ya kutikisika, na punje nzito na ndogo huzama chini ya mfuko. Uviringishe mfuko sakafuni kabla ya kuchota, na ukiufungua msimu wa mvua, ufunge kabisa, kwa sababu kloridi za kalsiamu na magnesiamu hunyonya unyevu hadi chumvi ikawa jiwe.

Sasa tufike kwenye namba zenyewe, na hapa ndipo penye faida. Tuseme mfuko unaahidi ualkali wa 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 430 kwa lita na magnesiamu 1,300. Ukipata 8.1, 387 na 1,170, vyote vitatu vimepungua kwa sehemu moja ya kumi. Chumvi haina kosa, umeweka kidogo au chombo cha kupimia chumvi kimekudanganya. Ukipata magnesiamu imepanda na kalsiamu imeshuka, au kinyume chake, mfuko haukuchanganyika. Lakini ukipata ualkali 6.2 na kalsiamu 410, kalsiamu kaboneti imeganda pipani, kwa kuwa inapoganda, kila dKH 2.8 zinazopotea huondoka na miligramu 20 tu za kalsiamu. Vifaa vingi vya nyumbani hupima kalsiamu kwa hatua za 10 au 20, ndiyo maana mtu huapa kwamba kalsiamu haijashuka na kulaumu kiwanda. Ukiona unga mweupe chini ya pipa, uchukue kidogo kwenye kijiko na kuudondoshea siki: ukitoa mapovu, umempata mhalifu, ukikaa kimya, huenda ni uchafu wa chumvi usio na madhara makubwa.

Kuganda huku husababishwa na mkono wa mchanganyaji. Chumvi humiminwa kwenye maji yanayozunguka kwa pampu, polepole, na kamwe maji hayamwagwi juu ya chumvi, kwa sababu kwa muda mfupi pale chini hutokea mchuzi mzito ambamo kalsiamu na kaboneti hukutana na kushikana. Joto nalo huchochea, kinyume na sukari ya chai, kwani kalsiamu kaboneti huyeyuka vibaya zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, heta pipani mara nyingi haihitajiki wakati wa kuchanganya.

Kama pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ndiyo pekee iliyo chini na ualkali uko sawa, pengine ni hewa ukaa ya chumba kilichofungwa. Toa glasi moja ya maji nje, uipulizie hewa kwa saa moja, upime tena.

Pipa lililogandisha usilitibu kwa kuongeza ualkali humohumo, maana chembe zilizopo huwa mbegu za kugandisha zaidi. Tumia maji hayo kwa kiasi kidogo kidogo ikiwa tofauti ni ndogo, au yamwage, kisha lisugue pipa pamoja na pampu kwa siki mpaka utando mweupe utoke wote, na usuuze kwa maji yaliyosafishwa kabla ya kuchanganya tena.