"Ikimaliza inafuta": ipi inamaliza, ipi inafuta?

SWALI: Naandika mwongozo wa skripti (faili la amri ambazo kompyuta huzifuata) inayohifadhi nakala za data kila usiku kwa tar, programu inayofunga faili nyingi kuwa faili moja. Sentensi yangu ni hii: "Skripti inakimbiza amri ya tar kutoka ndani yake, na ikimaliza inafuta folda ya zamani." Mwenzangu analikataa neno "inakimbiza", na anadai pia kuwa sentensi nzima ni ya hatari. Niandike "inaendesha", "inatekeleza" au "inaita"? Na hiyo hatari iko wapi?

JIBU: Mwenzako ana haki katika yote mawili.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho chepesi. Kukimbiza ni kumfukuza mtu au mnyama mpaka akimbie, au kupeleka mbio, kama mgonjwa anavyokimbizwa hospitali. Programu huendeshwa, kama mashine. Amri hutolewa, kisha hutekelezwa. Andika basi "skripti huendesha programu ya tar", au "skripti hutoa amri ya tar na Bash huitekeleza" (Bash ni programu inayosoma amri na kuzitekeleza). Wengi husema "kuendesha amri" na wanaeleweka, lakini katika mwongozo ni afadhali kila kitenzi kibaki na nomino yake. Kuita kunafaa pale skripti inapoikabidhi programu kazi na kungoja jibu lake.

"Kutoka ndani yake" ondoa kabisa. Skripti ikishakuwa kiima cha sentensi, msomaji anajua amri imetoka wapi. Ukitaka kumtaja mtendaji mwishoni, chunga kihusishi: "tar huendeshwa na skripti" maana yake skripti ndiyo mtendaji; "nakala huhifadhiwa kwa skripti" maana yake skripti ni nyenzo tu, na yupo mtu au programu nyingine iliyoianzisha. Kama ni cron inayoianzisha, yaani programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, sema hivyo: "skripti huendeshwa na cron".

Sasa hatari yenyewe. Skripti, amri, programu, folda, data, kompyuta: karibu maneno yote tunayoyatumia katika kazi hii yameingia ngeli ya I-ZI. Ukiandika "ikimaliza inafuta", hiyo i- inaweza kuwa ya skripti, ya amri au ya programu. Msomaji mmoja ataelewa kwamba tar ikimaliza kufunga nakala, skripti inafuta folda. Mwingine ataelewa kwamba tar yenyewe ndiyo inayofuta. Wa tatu ataona kwamba folda inafutwa skripti nzima inapofika mwisho. Sarufi inawaruhusu wote watatu, na hapo ndipo data ya mtu hupotea.

Usidhani kiambishi hu- kitakuokoa. "Ikimaliza hufuta" ni mbaya zaidi, kwa sababu hu- haibebi kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Ni umbo zuri sana kwa miongozo, kwani huonyesha jambo la kila mara, lakini linataka nomino isimame mbele yake waziwazi.

Dawa ni kuchagua nomino za ngeli tofauti kwa makusudi. Tar ikishaanzishwa, iite mchakato, nawe utapata u-. Folda iite kabrasha, upate li-. Skripti ibaki na i- yake peke yake. Sentensi inakuwa: "Skripti huendesha tar, na mchakato ukimalizika, skripti hulifuta kabrasha la zamani." Kila kiambishi sasa kina mwenyewe. Lakini ukiongeza neno "msimbo" karibu na "mchakato", u- nayo itagombaniwa. Ndiyo maana hapa chini nasema "namba ya matokeo" badala ya "msimbo wa matokeo".

Hata hivyo sentensi hiyo bado haijatosha, kwa sababu kumalizika si kufanikiwa. Mchakato ulioshindwa kwa diski kujaa nao umemalizika. Tar ya GNU hurudisha namba ya matokeo 0 kazi ikienda sawa, 1 pale baadhi ya faili zinapotofautiana, kwa mfano faili iliyobadilika wakati ikisomwa, na 2 kwa kosa kubwa. Ukitenganisha amri mbili kwa nukta-mkato, ya pili hutekelezwa bila kujali namba hiyo; ukiziunganisha kwa &&, ya pili hutekelezwa tu pale ya kwanza iliporudisha 0. Kwa hiyo nukta-mkato ndiyo "ukimalizika", na && ndiyo "ukifanikiwa". Mwongozo wako useme kile ambacho skripti inakifanya kweli. Na upande wa kushindwa usiuache wazi, umbo la -sipo- lipo kwa kazi hiyo: "Mchakato usipofanikiwa, skripti isimame bila kufuta chochote."

Kuna mtego mwingine katika -ki-. Huweza kuonyesha sharti, na huweza kuonyesha vitendo vinavyokwenda pamoja. Ukiweka & mwishoni mwa amri, amri huendeshwa nyuma, yaani skripti haingoji imalizike, na Kiswahili chake ni "skripti huendelea huku mchakato ukifanya kazi". Neno "huku" linaondoa wazo la sharti. Skripti ikingoja, tumia "hadi" na dhamira tegemezi, yaani kitenzi kinachoishia na -e: "skripti husubiri hadi mchakato umalizike". Ukitaka kusisitiza kwamba jambo limekwisha kabla ya jingine kuanza, -kisha- ina nguvu kuliko -ki- tupu: "mchakato ukishamalizika".

Hapa pia maneno yafuate amri. Katika Bash, amri ya wait (subiri) bila kitu baada yake husubiri michakato yote ya nyuma, kisha hurudisha 0 hata kama mmoja umeshindwa. Kwa wait hiyo huna haki ya kuandika "ukishafanikiwa". Andika wait $! mara baada ya kuanzisha tar ($! humtaja mchakato wa mwisho ulioanzishwa nyuma), hiyo hurudisha namba ya matokeo ya mchakato wenyewe, na hapo unaweza kuandika bila wasiwasi: "Skripti huanzisha tar nyuma na kusubiri hadi mchakato umalizike. Mchakato ukiwa umefanikiwa, skripti hulifuta kabrasha la zamani. Usipofanikiwa, kabrasha hilo huachwa lilivyo."