Swali la Lugha: Yakobo aliinamia kitanda au fimbo?

SWALI: Mhubiri mgeni alitufundisha kwamba neno la Kiebrania mittah lina maana mbili, kitanda na fimbo, na kwamba ndiyo sababu kitanda katika Biblia ni ishara ya mamlaka. Mzee mmoja wa kanisa akauliza: mbona Mwanzo 47:31 Yakobo anainama kichwani pa kitanda, lakini Waebrania 11:21, kwa kisa kilekile, anaegemea fimbo? Hakujibiwa vizuri. Naomba ufafanuzi. Na je, neno letu kitanda linatosha kulibeba hilo la Kiebrania? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mpe mzee wako salamu zangu, ameshika penyewe. Mhubiri ameona jambo la kweli akalifunga kwa kamba isiyo yake.

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti bila irabu. Neno tunalolizungumzia lina herufi tatu: mem, tet na he. Ukizisoma mittah umepata kitanda. Ukizisoma matteh umepata fimbo, au kabila, kwa kuwa mkuu wa kabila alishika fimbo. Ukizisoma mattah umepata "chini". Basi si neno moja lenye maana tatu. Ni maneno matatu yaliyovaa kanzu moja.

Wenye nyaraka za Kiswahili za hati ya Kiarabu nyumbani wataelewa haraka. Katika hati ile ya zamani dhuma moja ilisimama badala ya u na o, kwa hiyo kuchuma na kuchoma huandikwa sawasawa. Msomaji ndiye anayeamua, kwa kutazama kama habari ni ya machungwa au ya mishikaki. Akikosea, hatusemi kwamba kuchuma na kuchoma ni neno moja lenye siri ndani yake. Tunasema amekosea kusoma.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Yakobo. Wayahudi wa Aleksandria walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, walikuta zile herufi tatu wakasoma matteh, wakaandika rhabdos, yaani fimbo. Karne nyingi baadaye wanazuoni wa Kiyahudi tunaowaita Wamasora, wengine wakiwa Tiberia, walitia alama za irabu kwenye maandiko ya Kiebrania, nao wakahifadhi usomaji wa mittah. Mwandishi wa Waebrania aliandika Kigiriki na kunukuu Biblia ya Kigiriki, kwa hiyo fimbo ikaingia Agano Jipya. Wafasiri wetu wa Union, waliotoa Biblia nzima mwaka 1952, walifuata kila kitabu kwa lugha yake: kitanda huku, fimbo kule. Wangeweza kuoanisha ili wasiulizwe maswali. Hawakufanya hivyo, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Ukinibana niseme ni kipi, naegemea kitanda. Sura inayofuata, 48:2, mzee anajikaza na kuketi juu ya mittah, na katika 49:33 anakusanya miguu yake juu ya mittah na kukata roho. Hapo hata wale wa Aleksandria waliandika kitanda. Lakini wa upande wa fimbo nao wana hoja: habari ya ugonjwa wa Yakobo inakuja 48:1, baada ya Yusufu kumwapia katika 47:31, na mzee asiyeugua ana haki ya kusimama na mkongojo wake. (Mkongojo ndilo neno ningelitumia mimi. Fimbo ni ya mchungaji na ya mwalimu mkali.)

Sasa mzizi, ambao nadhani ndio uliomvutia mhubiri. Ni kweli mittah na matteh hutolewa katika kitenzi kimoja, natah, chenye maana ya kunyoosha, kutandaza, kuinamisha. Ibrahimu alipopiga hema karibu na Betheli, Mwanzo 12:8, kitenzi ni hichohicho. Na hapa Kiswahili kimebahatika. Kitanda kinatoka katika kutanda: mawingu yametanda, tandika mkeka, tandaza mpunga, na kutoka humo mtandio, utando na huu mtandao unaosomea makala haya. Waebrania walimtazama mtu aliyenyooka, au nguo iliyotandazwa chini yake, wakapata mittah. Sisi tulitazama kamba zilizovutwa toka mfumbati hadi mfumbati, tukapata kitanda. Waliolelewa juu ya kitanda cha kamba wanajua kwamba kazi yenyewe huitwa kuwamba, kama ngoma, na kwamba kamba hulegea kila baada ya muda mpaka kikabatizwa jina la teremka-tukaze.

Ila mzizi haumpi mtu ruhusa ya kuhubiri atakalo. Mtandio na mtandao ni ndugu, lakini hakuna mwanamke anayejifunika mtandao kwenda msikitini. Maana ya neno huonekana katika matumizi, na matumizi ya mittah ni mapana. Ni kitanda cha ukarimu: mwanamke wa Shunemu alimwandalia Elisha chumba chenye kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Ni kitanda cha mgonjwa, kama kile ambacho mfalme Ahazia aliambiwa kwamba hatashuka kutoka juu yake. Ni kitanda cha mvivu, anayegeuka juu yake kama mlango kwenye bawaba zake, bila kufika popote. Ni machela ya Sulemani katika Wimbo Ulio Bora, iliyozungukwa na mashujaa 60 wenye panga. Na ni makochi ya dhahabu na fedha katika karamu ya mfalme wa Uajemi, kitabu cha Esta. Haya mawili ya mwisho yananukia mamlaka, kwa hiyo mhubiri hakukosa yote. Amosi naye anawakemea wanaojinyoosha juu ya vitanda vya pembe za ndovu, na huko Samaria vimefukuliwa vipande vingi vya pembe iliyonakshiwa vya kupambia samani. Mkumbuke upande wa pili mtu wa Kutoka 22, ambaye vazi aliloweka rehani lazima arudishiwe kabla jua halijatua, maana ndilo shuka lake. Penye watu wa namna hiyo, kuwa na kitanda tu ni habari.

Ishara iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, si mamlaka hata kidogo. Ni uzao. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Torati aliyeishi Troyes, Ufaransa (1040–1105), alijiuliza kwa nini Yakobo aliinama kichwani pa kitanda. Akaeleza kwamba uwepo wa Mungu hukaa juu ya kichwa cha mgonjwa. Kisha akaongeza maelezo mengine: Yakobo alishukuru kwa sababu "kitanda chake kilikuwa kamili", yaani hapakuwa na mwovu hata mmoja miongoni mwa watoto wake, na Yusufu, pamoja na kutekwa akaishi ugenini, alibaki katika haki yake. Kitanda hapo maana yake ni watoto.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji Rashi amfafanulie hilo mara mbili. Tuna methali: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, na maneno ya majirani hayabadilishi kitu. Waislamu wataisikia humo hadithi ya Mtume, kwamba mtoto ni wa firashi, yaani wa kitanda. Na ndiyo sababu Reubeni, aliyepanda kitanda cha baba yake, alipoteza heshima ya mzaliwa wa kwanza. Mwanzo 49:4 haikutumia mittah hapo. Ilitumia mishkav, nalo linatupeleka kwenye sehemu ya mwisho ya swali lako.

Kitanda linatosha? Kwa mittah, mara nyingi ndiyo. Lakini Kiebrania kina maneno mengine. Mishkav linatoka shakav, kulala, na mwenzake halisi ni malazi. Ni mahali pa kulala, ni tendo la ndoa, tena ni kaburi: mfalme Asa alilazwa katika mishkav iliyojaa manukato. Union wanapoandika katika Waebrania 13:4 "malazi yawe safi", wanafasiri Kigiriki, lakini wamechagua neno lenye uwezo uleule. Tatizo ni kwamba siku hizi malazi yamehamia kwenye mabango ya nyumba za wageni, na kijana akisikia aya hiyo anaweza kudhani mwandishi wa Waebrania anazungumzia shuka.

Neno la tatu, eres, ni kitanda chenye fremu, kama kile cha chuma cha Ogu mfalme wa Bashani, urefu mikono 9. Jamaa yake wa Kiarabu ni arsh, kiti cha enzi, ambalo tunalo sisi tunaposema arshi ya Mungu. Kama unatafuta kitanda chenye ukoo na mamlaka, kiko hapa, si kwenye fimbo. Zaburi 6:6 inaweka mittah na eres bega kwa bega, na Union wakatoa "nakieleza kitanda changu". Nimeshawasikia watu wazima wakieleza kwamba Daudi alikuwa akisimulia kitanda shida zake! Hapana. Hiyo eleza ni kufanya kitu kielee majini, kama mtu anavyoeleza ngalawa. Machozi yamekuwa mengi mpaka kitanda kinaogelea. Kiebrania kinasema hivyohivyo.

Na pale 2 Samweli 3:31, Daudi anapofuata mittah ya Abneri kwenda kuzika, neno kitanda lingewachanganya wasomaji, kwa hiyo jeneza ni sahihi. Angalia tu kwamba bara wengi wakisikia jeneza wanaona sanduku lenye misumari. Mwislamu wa pwani anaona machela ya msikitini, inayobeba maiti hadi makaburini na kurudi tupu kumngoja mwingine. Huyo wa pwani yuko karibu zaidi na Abneri.

Mambo mawili madogo. "Kichwa cha kitanda" kinaeleweka, ila upande wa kitanda unaolaliwa kwa kichwa una jina lake, mchago, na ningefurahi kusoma siku moja kwamba Yakobo aliinama mchagoni. Na mwambie mhubiri, kwa upole, kwamba mittah hutiwa mkazo silabi ya mwisho. Akiutia mwanzoni kama tulivyozoea, wanaomsikiliza watapata mita, na watangoja aseme ni ngapi.